Nesi na Simu Yake, Sehemu ya 4: Hii Sheria Ni ya Lini?

Najua niliahidi leo niandike habari za kukamua maziwa ukiwa kazini. Itakuja. Kabla ya hapo kuna jambo nataka nilitoe kifuani, maana kila wiki mnaniandikia, "Sista, eti sheria inasemaje kuhusu likizo ya uzazi?" na wengine mnalalamika kwamba siku hizi nachelewa kujibu. Nachelewa kwa sababu. Niliwahi kujibu haraka, na mtu akaumia.

Ilikuwa Mei 2025, niko zamu ya mchana wodi ya njiti. Kulikuwa na mama mmoja kitanda cha dirishani. Nitamwita mama wa dirishani, jina lake halina kazi hapa. Alijifungua akiwa na wiki 30, mtoto kilo moja na gramu 300. Mnaojua kangaruu mnajua: mtoto kifuani mchana na usiku, maziwa unakamua kwenye kikombe, mtoto anapewa kwa mpira, kila asubuhi mnapanda mzani na roho juu. Akiongeza gramu 20, wodi nzima inashangilia. Akipungua, mama hali chakula siku hiyo.

Wamekaa wodini wiki saba. Siku moja akaja mezani kwetu na simu mkononi. Kazini kwake wamemtumia ujumbe: likizo yake ni siku 84, zilianza kuhesabiwa siku aliyojifungua, wanamtegemea tarehe fulani. Piga hesabu na wewe. Siku 84 ni wiki 12. Saba zimeishia wodini. Anaenda nyumbani na mtoto wa kilo mbili, amebakiwa na wiki tano.

Akaniuliza, "Sista, ndivyo sheria inavyosema kweli?"

Mimi nikajiona mjuzi. Kwenye simu yangu nilikuwa na PDF ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, niliipata kwenye kundi la WhatsApp miaka mingi tu. Nikafungua, nikashuka mpaka kifungu cha 33, nikamwonyesha kwa kidole: siku 84. Nikamwambia, "Ndiyo hivyo mama, sheria ni sheria." Akashukuru. Akarudi kitandani kwake.

Agosti nikamwona kliniki. Mtoto yuko vizuri, mashavu yamejaa. Nikamuuliza kazi inaendeleaje, akasema aliacha. Aliandika barua mwenyewe. Angemwacha nani na mtoto wa kilo mbili na kidogo, anayenyonya kila baada ya saa mbili? Akasema, bila hasira kabisa, "Si ulinionyesha Sista, hakukuwa na namna."

Hiyo "si ulinionyesha" nimelala nayo siku nyingi.

Lakini wakati ule bado sikujua kwamba nimekosea. Nilidhani sheria ndiyo katili. Jumapili moja nikawa namsimulia binti wa dada yangu, anasoma sheria chuoni, tuko jikoni tunachambua mchicha. Nalaumu waajiri, nalaumu Bunge. Yeye akaniuliza swali moja tu: "Mama mdogo, hiyo PDF yako ni ya lini?"

Nikaitoa. Ilikuwa maandishi ya 2004, kama sheria ilivyotoka Bungeni. Akatikisa kichwa. Bunge lilishafanya marekebisho ya sheria za kazi, yakaanza kutumika Februari 2025, na moja ya mambo yaliyobadilishwa ni likizo ya mama aliyejifungua njiti: anaongezewa muda. Februari. Mimi namwonyesha yule mama kwa kidole mwezi Mei.

Jamani, mimi ni nesi. Sijawahi kuchoma sindano bila kusoma tarehe kwenye kichupa. Tulifundishwa hivyo tangu mwaka wa kwanza: jina la dawa, kipimo, tarehe ya kuisha, na ukishika mara ya pili unasoma tena. Halafu sheria, kitu kinachoweza kumtoa mtu kazini, nikaitoa kwenye simu kama peremende.

Basi tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi wa mpwa wangu. Nitawaambia nilichojifunza, kwa lugha ya jikoni.

Kwanza, acheni kutafuta sheria kwenye makundi ya WhatsApp, na msiishie kwenye jibu la kwanza la Google. Tuna tovuti inaitwa TanzLII, ni ya Mahakama ya Tanzania, bure, haitaki hata ujisajili. Ina sheria na ina hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Wenzetu wa Kenya wana ya kwao, Kenya Law. Tovuti ya Bunge nayo ina sheria na miswada. Hapo kwenye miswada simama kidogo! Muswada si sheria. Ni pendekezo. Unaweza kubadilishwa ukiwa bado mezani, unaweza usipite kabisa. Jina lake linafanana na la sheria, nembo ni ileile, na mtandaoni unasambaa kuliko sheria yenyewe kwa sababu ndio uliokuwa kwenye habari. Soma ukurasa wa kwanza. Kama ni muswada, umeandikwa muswada.

Pili, tarehe, ambayo ndiyo iliyonitia aibu mimi. Sheria haikai ilivyozaliwa. Inatungwa mwaka fulani, halafu zinakuja sheria nyingine ndogo za kuirekebisha: futa neno hili, ongeza kifungu kidogo pale. Ukiwa na ile ya kwanza peke yake, una nusu ya habari. Baadaye serikali inakusanya yote na kuyachapisha upya; ndiyo mnasikia Toleo la 2002, la 2019, na sasa Toleo la Urekebu la 2023, ambalo lilianza kutumika Julai 2025. Toleo jipya likitoka, hata namba za vifungu zinaweza kuhama. Mtu anakwambia "kifungu cha 33" kwa sauti ya wakili, unafungua toleo jipya unakuta pale pana kitu kingine. Usiogope. Hiyo sheria ni ileile, Sura ya 366, sehemu inayohusu likizo. Tafuta kwa maneno, siyo kwa namba.

Na maneno yenyewe yana shughuli. Sheria zetu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli mwaka 2021 ilipitishwa kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, lakini ukitafuta mtandaoni utakutana na Kiingereza sana, hasa hukumu. Ukiandika "likizo ya mama mzazi" unaweza kupata vitu viwili vitatu ukakata tamaa. Andika maneno ambayo sheria yenyewe inayatumia. Sheria haisemi umefukuzwa, inasema "termination". Likizo ya uzazi ni "maternity leave", ya baba ni "paternity leave". Kunyonyesha nilihangaika nako sana, mpaka mpwa wangu akaniambia niandike "feed" tu, nikakipata: mwajiri anapaswa kumruhusu mama anayenyonyesha akamnyonyeshe mtoto saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Saa mbili! Mimi nina diploma ya uuguzi, nafundisha kunyonyesha kila siku, na nilikuwa sijui kwamba iko kwenye sheria.

Ukitafuta maneno mawili yanayokwenda pamoja, yafungie ndani ya alama za nukuu, zile unazoweka mtu anapoongea. Bila hizo, mtambo unakuletea kila hukumu yenye neno "leave", na hizo ni nyingi kuliko nyota, hata watu waliogombea mashamba wamo. Ukizifunga, unaletewa zenye maneno yote mawili yakifuatana. Halafu pembeni kuna sehemu ya kuchuja: chagua mahakama, chagua mwaka. Mambo ya ajira yako Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Kwenye namba za hukumu utaona TZHCLD, hiyo ndiyo yenyewe. TZHC ni Mahakama Kuu, TZCA ni Mahakama ya Rufani, na ya Rufani ikishasema, zilizo chini zinaifuata.

Sasa ukishakipata kifungu, kisome polepole, kama unavyosoma karatasi ya dawa ya mtoto. Kwa mfano ile 84 niliyomwonyesha mama wa dirishani kwa kidole. Mbele yake yako maneno madogo, "at least". Maana yake angalau. 84 ni sakafu, siyo dari. Mwajiri hatakiwi kushuka chini ya hapo, lakini hakuna kinachomkataza kukupa zaidi, na mikataba mingine ya hiari kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri inatoa zaidi. Mimi niliisoma kama ndiyo mwisho wa dunia. Neno jingine ni "shall", maana yake ni lazima. "May" ni hiari, anaweza. Ukitafsiri kwa programu ya simu yanachanganyika, unajikuta lazima imegeuka kuwa hiari. Na ukiona "subject to", usiishie hapo: kifungu hicho kinategemea kingine, kifuate mpaka nyumbani kwake.

Endelea kusoma chini yake, maana watu wengi tunasoma namba tunaondoka. Chini ya hiyo 84 kuna siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Kuna kwamba unatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Hapa naomba kila mjamzito aliyeajiriwa anayenisoma afungue kalenda yake leo. Kuna kwamba unaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Na kuna kitu ambacho sikuwahi kusikia mtu akimwambia mama pale wodini, na mimi nimeshafunga shuka mara nyingi: mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana haki ya siku 84 nyingine zenye malipo. Ni mara ngapi nimemwona mama anarudi kazini wiki ya pili baada ya kuzika, kwa sababu ameambiwa "likizo ilikuwa ya mtoto, na mtoto hayupo"?

Kwa habari ya njiti, sitawaandikia hesabu hapa. Inategemea ulijifungua ukiwa na wiki ngapi, kwa hiyo fungua marekebisho ya 2025 mwenyewe, weka kadi yako ya kliniki pembeni, uhesabu kwa tarehe zako. Ukishindwa, njoo nayo wodini, tutahesabu wote. Wiki za ujauzito ndiyo kazi yangu, hapo sikosei.

Wale wa Zanzibar, samahani, haya yote ni ya Bara. Ninyi mna sheria yenu ya ajira ya 2005. Hilo nalo linawapoteza wengi, mtu yuko Unguja anatumiwa PDF ya Dar.

Kuna mtego mwingine. Unaweza ukawa na sheria yenyewe, toleo sahihi, tarehe nzuri, na bado ukapotea, kwa sababu mahakama imeshasema jambo juu yake. Mama mmoja aliniandikia usiku, baba wa binti yake anataka kumwoza akiwa na miaka 15, na amempa picha ya kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Na kweli kifungu ndivyo kinavyosomeka, msichana miaka 15, na kwa ruhusa ya mahakama hata 14. Lakini mwaka 2016 Rebeca Gyumi alikipeleka Mahakama Kuu, ikasema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Baba anapiga picha kifungu, hapigi picha hukumu. Kwa hiyo ukishasoma kifungu, chukua maneno yake, rudi kwenye hukumu, utafute majaji wamekisemaje. Na ukipata hukumu nzuri, angalia kama kuna hukumu za baadaye zilizoitaja. TanzLII yenyewe inakuorodheshea. Huenda ya juu imeshaitengua.

Nyingine: si kila kitu kimo ndani ya sheria. Vingine viko kwenye kanuni, zile zinazoitwa Tangazo la Serikali, mnaona zimeandikwa GN. Siku za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ziko huko, GN namba 64 ya 2007: ukiachishwa kazi ni siku 30, migogoro mingine siku 60. Siku 30 kwa mama mwenye kichanga ni kufumba na kufumbua. Kitovu kinadondoka, chanjo ya wiki sita haijafika, muda umeshaisha.

Mmeniuliza pia habari za hizi programu za akili bandia, unaiandikia swali kwa Kiswahili inakujibu kama wakili. Natumia, sitawadanganya. Nikikwama kwenye sentensi ndefu ya Kiingereza cha kisheria, naibandika, naiambia inieleze kwa lugha rahisi, kisha narudi kusoma mwenyewe. Lakini nikiiuliza "nipe kesi", sichukui jina mpaka nimeliona kwenye TanzLII kwa macho yangu. Mwaka 2023 kule New York mawakili waliosomea kazi yao walipeleka mahakamani kesi walizopewa na ChatGPT, kumbe hazipo duniani, zimebuniwa. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Kama wakili anaweza kudanganywa, mimi na wewe tulio na usingizi wa saa tatu je? Na tafadhali, usiibandikie majina ya watu, kadi ya mtoto wala majibu ya vipimo. Hiyo siyo daftari lako.

Mwisho wa kusoma si ushindi. Mwajiri akikukatalia, utahitaji mtu anayejua njia: chama cha wafanyakazi kama upo, afisa kazi, wasaidizi wa kisheria walioko kwenye halmashauri nyingi, au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Tofauti ni kwamba ukienda na kifungu mkononi, chenye tarehe, pamoja na ujumbe uliotumiwa na mwajiri, mnaanzia mbali. Ukienda na machozi peke yake, siku ya kwanza yote inaishia kwenye historia.

Mama wa dirishani nilimpigia. Nilikaa na simu siku tatu kabla ya kubonyeza. Nikamwambia nilikosea, kulikuwa na kifungu kingine, mimi nilikuwa na karatasi ya zamani. Akanyamaza. Nikasikia mtoto analia nyuma yake. Kisha akasema, "Sasa Sista, nikifanyie nini?"

Nilimpeleka kwa msaidizi wa kisheria. Akaelezwa kwamba siku zimeshapita, na kwamba anaweza kuomba kuongezewa muda akitoa sababu, lakini vilevile barua ya kuacha kazi aliiandika kwa mkono wake, kwa hiyo haitakuwa rahisi. Akasema atafikiria. Baadaye akaniambia hana nguvu za kupanda ngazi za watu na mtoto mgongoni. Sasa hivi anapika vitumbua nyumbani kwake, mtoto anatambaa, anang'oa majani ya maua ya jirani. Ananitumia picha. Hajawahi kunilaumu hata mara moja, na mimi ningependa angenilaumu.

Wodini sasa tuna karatasi moja, ukurasa mmoja tu, imebandikwa karibu na mzani. Imeandikwa vile vifungu vya likizo kwa Kiswahili cha kawaida, jina la sheria, toleo, na juu kabisa kwa kalamu nyekundu tarehe niliyoviangalia mara ya mwisho. Daktari mmoja alicheka, akasema nesi amekuwa mwanasheria. Nikamwambia hapana, nimekuwa mtu wa kusoma tarehe.

Juzi mama mmoja mgeni, ana siku mbili tu wodini, alisimama akaisoma yote huku mtoto yuko kifuani. Akanigeukia. "Sista, hapa umeandika uliangalia mwezi uliopita."

Nikasema ndiyo.

"Na leo je?"

Nikanawa mikono, nikatoa simu.